Sura ya Sita: Kijiti Kikishaingia Mkononi, Kinakwenda Wapi?

Wanawake wanapoketi pamoja, iwe kliniki ya uzazi wa mpango, saluni au kwenye kikoba, kuna swali ambalo halikosi kuulizwa: kijiti kikishaingia mkononi, kinakwenda wapi? Wengine huuliza kama kinayeyuka na kumalizikia kwenye damu. Wengine wamesikia kwamba husafiri hadi moyoni, au hushuka mpaka kwenye mji wa mimba na kukaa huko. Mama wakwe na mashangazi nao wana swali lao: binti akikitoa, atazaa tena?

Maswali haya yanastahili majibu kamili. Mtu anayeombwa abebe kitu kigeni chini ya ngozi yake kwa miaka mitatu au mitano ana haki ya kujua kimetengenezwa na nini, kinafanyaje kazi, nani alikibuni na kwa kusudi gani. Sura hii inajibu kwa kufuata kazi ya mtafiti mmoja, Sheldon Segal wa Marekani, pamoja na wenzake waliotumia ugunduzi kwamba kipande kidogo cha mpira kinaweza kutunza dawa na kuitoa polepole kwa miaka.

Nitangulize msimamo wangu. Kijiti kilibuniwa kiwe kitu cha kuwekwa na kutolewa. Mtoa huduma anayejua kukiweka lakini hawezi, au hataki, kukitoa, amemfanyia mama nusu ya kazi.

Jibu fupi kwanza

Kijiti hakiendi popote. Kinakaa chini ya ngozi ya mkono wa juu, juu ya msuli, mahali ambapo mwenye mkono anaweza kukigusa kwa kidole. Hakiyeyuki. Kinachotoka ndani yake ni dawa peke yake, kidogo kidogo, nayo huchukuliwa na damu. Muda wake ukifika, kijiti kinatolewa kikiwa na umbo na urefu uleule kilioingia nao.

Dawa iliyomo ni homoni. Homoni ni kemikali ambazo mwili hutengeneza ili kupeleka ujumbe kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Homoni ya kijiti inafanana na projesteroni, ambayo mwili wa kila mwanamke huitengeneza baada ya yai kupevuka, na kwa wingi zaidi wakati wa ujauzito.

Mpira wenyewe unaitwa baiomateriali, yaani kitu kilichotengenezwa kiwandani ambacho kinaweza kukaa ndani ya mwili bila kuudhuru na bila kuharibiwa nao. Meno ya bandia yanayopandikizwa kwenye taya, vyuma vinavyounganisha mifupa iliyovunjika na lenzi zinazowekwa ndani ya jicho lililofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, vyote viko katika kundi hilo. Kijiti nacho ni cha ukoo huo.

Mpira unaopitisha dawa bila tundu

Habari ya kijiti inaanzia mahali ambapo hakuna aliyekuwa akifikiria uzazi wa mpango. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, madaktari wawili, Judah Folkman na David Long, walikuwa wakifanya utafiti katika hospitali ya jeshi la majini la Marekani huko Bethesda, jimbo la Maryland. Walikuwa wakitumia mirija ya silikoni, mpira laini usioshika kutu wala kuoza, ambao mwili huuvumilia vizuri. Waligundua kwamba baadhi ya rangi na dawa zinazoyeyuka katika mafuta hupenya ukuta wa mirija hiyo na kutokea upande wa pili, ingawa mirija haikuwa na tundu lolote. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1964.

Anayetaka kuelewa jambo hili aufikirie mtungi wa udongo. Maji ndani ya mtungi hayamwagiki, lakini nje mtungi unatoa jasho, kwa sababu maji hupenya ukuta wake kidogo kidogo. Silikoni hufanya hivyo kwa dawa fulani, isipokuwa njia zake ni finyu zaidi: chembe za dawa hupita katikati ya minyororo ya chembe za mpira wenyewe. Kwa sababu hiyo mwendo wake hautegemei mtu kukumbuka saa. Unategemea unene wa ukuta, upana wa eneo ambalo dawa inatokea, na aina ya dawa. Fundi akivipima vitu hivi vitatu kwa uangalifu, anaweza kuamua dawa itoke kiasi gani kwa siku.

Hapo kabla, dawa iliyomezwa au kuchomwa ilipanda ghafla katika damu na kisha kushuka, ikalazimu kuirudia. Folkman na Long walionyesha kwamba dawa inaweza kupewa ghala ndani ya mwili.

Segal na Croxatto

Sheldon Segal alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1926. Mwaka 1956 alijiunga na Population Council, shirika lisilo la faida lenye makao yake New York, na baadaye akaongoza utafiti wake wa tiba. Kazi yake ilikuwa kuelewa namna homoni zinavyoendesha uzazi. Vidonge vya kuzuia mimba vilipoidhinishwa Marekani mwaka 1960, yeye na wenzake waliona ubora wake, na wakaona pia udhaifu wake: kidonge kinadai kukumbukwa kila siku. Mama anayelala kwa mama mkwe, mfanyabiashara anayesafiri na mzigo, au mke ambaye mumewe hataki kuona pakiti ya vidonge ndani ya nyumba, wote wanaweza kukosa siku mbili tatu, na siku hizo zinatosha kupata mimba.

Segal aliposoma kuhusu mpira unaopitisha dawa, alijiuliza kama homoni za uzazi, ambazo nazo huyeyuka katika mafuta, zingepita. Akiwa na Horacio Croxatto, daktari na mtafiti kutoka Chile, alifanya majaribio yaliyoonyesha kwamba zinapita. Mwaka 1967 walitoa pendekezo lao hadharani: vifuko vidogo vya silikoni vyenye homoni, vinavyowekwa chini ya ngozi, vizuie mimba kwa muda mrefu. Majaribio ya mwanzo kwa wanawake yalifanyika Chile kuanzia mwaka uliofuata.

Njia haikunyooka. Homoni ya kwanza iliyojaribiwa iliachwa. Katikati ya miaka ya 1970 watafiti walilinganisha homoni kadhaa katika nchi tofauti, zikiwemo Chile, Brazil, Jamaika na Finland, na wakachagua levonojestreli, homoni ambayo tayari ilikuwa ikitumika kwenye vidonge. Hatimaye, mwaka 1983, Finland ikawa nchi ya kwanza kuidhinisha bidhaa yao, Norplant. Tangu pendekezo lile la 1967 ilikuwa imepita miaka 16.

Norplant ilikuwa na vifuko sita. Kila kimoja kilikuwa na urefu wa milimita 34 na miligramu 36 za homoni, na vyote sita vilipangwa chini ya ngozi kama kipepeo cha kujipepea kilichofunguliwa. Viliidhinishwa kutumika miaka mitano.

Kwa ufupi

- Folkman na Long walionyesha kwamba silikoni hupitisha dawa polepole.
- Segal na Croxatto waliipeleka hekima hiyo kwenye uzazi wa mpango.
- Norplant, yenye vifuko sita, iliidhinishwa kwanza Finland mwaka 1983.
- Mpira haumalizwi na mwili, na kinachotoka ni homoni peke yake.

Kutoka sita hadi kimoja

Vifuko sita vilizuia mimba vizuri sana, lakini kuvitoa kulikuwa na kazi. Muuguzi alilazimika kuvitafuta kimoja kimoja, na kama vilikuwa vimewekwa vibaya, mama angeweza kulala mezani saa nzima. Watafiti wakarudi maabara kupunguza idadi.

Jadelle ina vijiti viwili, kila kimoja kina milimita 43 na miligramu 75 za levonojestreli. Humo ndani homoni imechanganywa na silikoni, kisha ikafunikwa kwa mrija mwembamba wa silikoni. Vinafanya kazi miaka mitano. Levoplant, iliyotengenezwa China, nayo ina vijiti viwili vyenye homoni hiyohiyo.

Implanon, iliyoanza kuuzwa mwaka 1998, ina kijiti kimoja tu, urefu milimita 40 na upana milimita 2, takriban sawa na njiti ya kiberiti. Homoni yake ni etonojestreli, miligramu 68, na mpira wake ni plastiki ya EVA, jamii ya plastiki inayotumiwa pia kutengenezea soli za viatu, isipokuwa hii imesafishwa kwa viwango vya hospitali. Ngozi ya nje ya kijiti hicho ina unene wa milimita 0.06. Ngozi nyembamba hiyo ndiyo inayoamua kasi ya dawa. Toleo la baadaye, Implanon NXT, limeongezewa madini ya bariamu ili kijiti kionekane kwenye picha ya eksirei.

Sasa tufanye hesabu. Miligramu moja ina maikrogramu 1,000, kwa hiyo Implanon inaingia mkononi na maikrogramu 68,000. Wiki za mwanzo hutoa maikrogramu 60 hadi 70 kwa siku. Mwisho wa mwaka wa tatu hutoa 25 hadi 30. Tuseme wastani ni 40 kwa siku: siku 1,095 za miaka mitatu zitatumia maikrogramu 43,800 hivi. Kumbe kijiti kinapotolewa baada ya miaka mitatu, dawa bado imo. Mtu asishangae basi akisikia kwamba tafiti zimeona kijiti hiki kikiendelea kuzuia mimba hata baada ya mwaka wa tatu. Hata hivyo, tarehe ya kufuata ni ile uliyopewa na kituo chako, kwa kuwa miongozo ya nchi hutofautiana.

Kidonge cha kawaida chenye homoni mbili mara nyingi kina maikrogramu 150 za levonojestreli kwa siku. Kijiti kinatumia kiasi kidogo kuliko hicho, hasa kwa sababu dawa yake haipandi na kushuka.

Kinazuiaje mimba?

Homoni ya kijiti hufanya kazi mbili kubwa.

Ya kwanza ni kwenye shingo ya kizazi. Siku zinazozunguka kupevuka kwa yai, ute wa shingo ya kizazi huwa mwepesi na wenye kuvutika, na mbegu za kiume huogelea ndani yake kwa urahisi. Homoni huufanya ute huo uwe mzito, na mbegu hukwama mlangoni.

Ya pili ni kwenye ubongo na vifuko vya mayai. Ubongo hupokea ujumbe kwamba homoni ipo ya kutosha, nao huacha kutuma amri ya kupevusha yai. Etonojestreli huzuia kupevuka kwa yai karibu kwa kila mtumiaji. Levonojestreli huzuia katika mizunguko mingi, si yote, na pale yai linapopevuka, ute mzito hukinga.

Matokeo yake ni kinga ambayo njia chache zinaifikia. Kati ya wanawake 1,000 wanaotumia kijiti kwa mwaka mmoja, takriban mmoja hupata mimba. Kwa matumizi ya kawaida ya vidonge, pamoja na kusahau kwa kawaida, ni takriban 70 kati ya 1,000. Kijiti hakisahau, na hiyo ndiyo siri yake yote.

Lakini kijiti hakikingi Virusi vya UKIMWI (VVU) wala magonjwa mengine ya zinaa. Kondomu inabaki na kazi yake.

"Damu inarundikana wapi?"

Wasiwasi mkubwa kuliko wote ni hedhi. Kwa etonojestreli, takriban mwanamke mmoja kati ya watano hukosa kabisa damu ya mwezi. Mmoja kati ya watatu huona matone mara chache. Wapo wanaopata siku nyingi za damu mfululizo, na hao ndio wanaoongoza kwa kurudi kliniki kutaka kitolewe.

Wanaokosa hedhi huambiwa mtaani kwamba damu chafu inarundikana tumboni na itageuka uvimbe. Siyo kweli, na sababu yake inaeleweka. Hedhi ni ngozi ya ndani ya mji wa mimba inayojijenga kila mwezi ili kupokea mimba, kisha hubomoka na kutoka mimba isipotunga. Kijiti huifanya ngozi hiyo ibaki nyembamba. Kisichojengwa hakina cha kubomoka, kwa hiyo hakuna damu inayosubiri kutoka.

Madhara mengine yanayotajwa ni kichwa kuuma, chunusi, matiti kujaa, mabadiliko ya uzito na ya moyo wa mtu, yaani furaha na huzuni. Si kila mtu huyapata. Anayeyapata haongopi, na hapaswi kuambiwa avumilie tu.

Na kizazi je? Kijiti cha etonojestreli kikitolewa, ndani ya wiki moja homoni yake haionekani tena katika damu kwa wanawake wengi, na mimba inaweza kutunga wiki ileile au inayofuata. Sindano ya miezi mitatu ndiyo inayochelewesha kurudi kwa uzazi kwa miezi kadhaa, na huenda hapo ndipo watu walipochanganya mambo. Kijiti hakiachi deni la namna hiyo.

Je, kinatembea?

Mwili ukikutana na kijiti, hukizungushia ala nyembamba ya nyama, na ala hiyo hukishika mahali pake. Kwa kawaida kinaweza kusogea kidogo sana kutoka pale kilipowekwa, basi. Kufika kwenye mji wa mimba hakiwezi, kwa kuwa hakuna njia inayotoka chini ya ngozi ya mkono hadi huko.

Uvumi wa kwenda moyoni una chembe ya ukweli inayopaswa kusemwa wazi. Kuna matukio machache mno duniani ambapo kijiti kilichowekwa kwa kina kupita kiasi kiliingia ndani ya mshipa wa damu na kuchukuliwa hadi kwenye mishipa ya mapafu. Chanzo cha matukio hayo kimehusishwa hasa na uwekaji wa kina. Kwa hiyo wataalamu walibadilisha mahali pa kuweka: sasa kijiti kimoja huwekwa upande wa nyuma zaidi wa mkono wa juu, mbali na mfereji wenye mishipa mikubwa na neva, na huwekwa juujuu tu chini ya ngozi.

Kinga ya mama mwenyewe ni rahisi. Kabla hujatoka kliniki, kiguse. Muuguzi akiguse, nawe ukiguse. Baada ya hapo kiguse mara kwa mara nyumbani. Kikipotea chini ya kidole, rudi upesi, na utumie kondomu hadi kipatikane kwa kipimo cha picha. Kidonda kikishapona, unaweza kulima, kupika, kufua na kubeba mtoto kwa mkono huo bila hofu.

Dawa zinazogombana na kijiti

Sehemu hii inawahusu sana wasomaji wa Afrika Mashariki, na sehemu ya ushahidi wake ilipatikana hapa.

Ini husafisha dawa kutoka katika damu. Kuna dawa zinazolifanya ini lisafishe kwa kasi kuliko kawaida, na homoni ya kijiti huondolewa kabla haijatosheleza. Miongoni mwa dawa hizo ni rifampisini ya kifua kikuu, karbamazepini na fenitoini za kifafa, na efavirenzi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa dawa kuu ya kufubaza VVU.

Huko Kampala, watafiti walifuatilia wanawake wanaoishi na VVU waliowekewa vijiti vya levonojestreli. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016, waliokuwa wakimeza efavirenzi walikuwa na homoni karibu nusu ya ile ya wanawake ambao hawakuwa wameanza dawa. Kati ya wanawake 20 wa kundi la efavirenzi, watatu walipata mimba kabla ya mwaka kwisha. Kwa njia ambayo kwa kawaida hushindwa kwa mtu mmoja kati ya 1,000, hilo lilikuwa onyo kubwa.

Leo wagonjwa wengi wamehamia dolutegraviri, ambayo haina tatizo hilo na kijiti. Lakini rifampisini bado inatumika kila mahali penye kifua kikuu. Ukianza dawa yoyote mpya ya muda mrefu, mwambie daktari kwamba una kijiti mkononi.

Kutoa ni sehemu ya tiba

Norplant iliidhinishwa Marekani Desemba 1990. Siku chache tu baadaye, gazeti la The Philadelphia Inquirer lilichapisha tahariri iliyopendekeza wanawake maskini weusi wapewe motisha ili wawekewe. Gazeti liliomba radhi baada ya watu kuhamaki. Mapema mwaka 1991, hakimu mmoja wa California alimwamuru mwanamke aliyepatikana na hatia ya kuwapiga watoto wake awekewe Norplant kama sharti la kuepuka kifungo kirefu.

Segal hakunyamaza. Alijitokeza hadharani kupinga matumizi yoyote ya kulazimisha, akisisitiza kwamba Norplant ilitengenezwa ili kupanua uhuru wa mwanamke katika uzazi, wala si kuupunguza. Kwa mtafiti aliyekaa na wazo moja kwa zaidi ya miaka 20, ingekuwa rahisi kufurahia mauzo na kuwaachia wengine siasa. Alijua kwamba chombo chema kinaweza kugeuzwa pingu.

Kulikuwa na hatari nyingine pia. Nchini Indonesia, ambako Norplant ilitumiwa na wanawake wengi kuliko nchi nyingine yoyote, kampeni ziliweka vijiti kwa wingi, lakini waliotaka kuvitoa walikuta wataalamu wachache, na baadhi walikatishwa tamaa wasitoe kabla ya muda. Marekani nako maelfu ya wanawake walifungua kesi wakilalamikia madhara na ugumu wa kutoa, na mwaka 2002 ikatangazwa kwamba Norplant haitauzwa tena nchini humo.

Somo hili linatuhusu. Baada ya mkutano wa London wa mwaka 2012 kuhusu uzazi wa mpango, bei ya vijiti kwa nchi maskini ilishuka takriban kwa nusu: Jadelle ilitoka dola 18 hadi dola 8.50 kuanzia mwaka 2013. Vijiti vikafika hadi zahanati za vijijini, na leo nchini Tanzania na Kenya ni kati ya njia zinazoongoza kwa kutumiwa na wanawake walioolewa. Kila kijiti kilichowekwa wakati huo lazima kitolewe, na kinahitaji mtu mwenye ujuzi, ganzi, kisu kidogo safi na muda. Mama anayetembea kilomita kadhaa kwenda kutoa kijiti akaambiwa arudi mwezi ujao kwa kuwa mtaalamu yuko likizo, amenyimwa sehemu ya dawa aliyoahidiwa.

Watafiti wengine wanatengeneza vijiti vinavyoyeyuka vyenyewe baada ya kazi kwisha, ili safari ya pili isihitajike. Ni wazo zuri, lakini lina bei yake: kijiti kikishaanza kulainika na kukatika, mama aliyebadili nia hawezi kukitoa kizima. Watakaovileta sokoni wawaeleze wanawake jambo hilo waziwazi.

Mpira uleule, kazi nyingine

Kanuni iliyogunduliwa Bethesda haikuishia kwenye kijiti. Pete ya dapivirini ni pete laini ya silikoni ambayo mwanamke huiweka mwenyewe ukeni na kuibadilisha kila mwezi. Badala ya homoni, hutoa dawa ya kuzuia VVU. Majaribio yake mawili makubwa yaliwahusisha wanawake wa nchi za Afrika, Uganda ikiwemo katika yote mawili, na yalionyesha kwamba pete hupunguza hatari ya kuambukizwa kwa takriban theluthi moja. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kama chaguo la ziada kwa wanawake walio katika hatari kubwa. Kinga hiyo haijakamilika, lakini iko mikononi mwa mwanamke mwenyewe, hata pale mwenzake anapokataa kondomu.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuwekewa

Chukua orodha hii kliniki, na usione haya kuisoma mbele ya muuguzi:

1. Hiki ni kijiti cha aina gani, na tarehe yake ya kutolewa ni ipi? Niandikie kwenye kadi.
2. Je, nitumie kondomu siku za mwanzo?
3. Natumia dawa hizi. Je, zinapunguza nguvu ya kijiti?
4. Nimewahi kuugua saratani ya matiti, ugonjwa mkali wa ini, damu kuganda kwenye mishipa, au natokwa damu bila sababu kujulikana. Je, kinanifaa?
5. Nikipata joto, usaha au uvimbe kwenye kidonda, maumivu makali ya tumbo la chini au damu nyingi, nije wapi na saa ngapi?
6. Nikitaka kukitoa kabla ya muda, nani hapa anajua kukitoa, na yupo siku zipi?

Swali la sita ndilo kipimo cha kituo. Kituo kinacholijibu bila kusita kinaelewa kwa nini Segal na Croxatto walihangaika miaka yote ile. Kinachosita, au kinachomuuliza mama kwanza sababu zake, au kinachomdai ruhusa ya mume, bado hakijawa tayari kuweka.

Kwa wauguzi na waganga wanaosoma sura hii: jifunzeni kutoa kwa bidii ileile mliyojifunza kuweka. Kwa viongozi wa afya: mnapohesabu vijiti vilivyowekwa, hesabuni pia vilivyotolewa siku ileile mama alipoomba. Na kwako mama, dada, binti: kijiti ni chako kwa muda unaoutaka wewe. Ukikipenda, kaa nacho. Usipokipenda, nenda ukatolewe leo, na huna deni la maelezo kwa mtu yeyote.